Ziwa la Léandre

Kijiko kilifika mdomoni, mdomo ukafungwa. Huguette akasubiri kama mtu aliyebisha hodi, anawasikia wenyewe wanavyotembea ndani, lakini mlango hawafungui. Supu ikapoa kijikoni. Léandre akageuzia uso wake dirishani.

"Kidogo tu, mzee wangu. Kwa ajili yangu."

"Jumanne," akasema Léandre.

Hilo ndilo neno lililombakia. Kiharusi kilimpata wakati wa Kwaresima, akiondoa theluji mbele ya gereji, na kilipomwachia kilikuwa kimechukua mkono wa kulia, miguu, nusu ya uso, na maneno yote ya maisha yake isipokuwa hilo. Akitaka maji, Jumanne. Akitaka kulala, Jumanne. Akikasirika, Jumanne, na meza inapigwa. Mwanzoni Huguette alihangaika sana na hiyo Jumanne. Ilipofika aliamka alfajiri, akamnyoa mumewe, akamvalisha shati safi, wakakaa sebuleni kungoja kitakachotokea. Hakikutokea kitu. Siku ikapita kama siku nyingine, na jioni Léandre akamwambia kwa upole kabisa, "Jumanne."

Muuguzi Solange, aliyekuwa akija nyumbani kumpima, alikuwa msichana mwema asiyependa kuzungusha maneno.

"Koo lake ni zima, mama. Anameza vizuri, meno anayo. Hataki tu."

"Hataki kwa nini?"

"Ningejua ningekwambia. Lakini nikirudi nikakuta amepungua tena, daktari atataka arudi hospitali, alishwe kwa mrija wa puani. Nakuambia mapema ili usije ukashtuka."

Huguette alishtuka hivyo hivyo. Alimsindikiza Solange mpaka kwenye gari, akarudi jikoni, akasimama katikati ya sakafu bila kukumbuka alitaka kufanya nini.

Maana huyu ni mwanamke aliyelisha watu maisha yake yote. Alizaliwa shambani katika nyumba ya watoto wengi, akaacha shule mapema kumsaidia mama yake, na alipokuwa msichana wa kuanza kuvaa vizuri akapelekwa kambini kuwapikia wakata magogo. Wanaume wenye mabega kama milango walikuwa wakifuta sahani kwa mkate mpaka haihitaji kuoshwa. Léandre alikuwa mmoja wao. Huguette alimpenda kwa sababu alikuwa anasema asante kwa sauti, mbele ya wenzake, bila kuona haya. Baadaye alipika shuleni, akapika kwenye misiba ya parokia yote, na hakuna mtu, mzima wala mgonjwa, aliyewahi kufunga mdomo mbele ya kijiko chake. Sasa amefunga huyu. Alijaribu supu ya mbaazi, alijaribu pai ya nyama, alijaribu uji wa shayiri uliomiminiwa asali ya utomvu wa mti. Alimlisha kwa uvumilivu, kama alivyoona wakimlisha hospitali, kitambaa cheupe kifuani, kijiko kidogo cha mtoto. Kila siku alikuwa akimuuliza Mungu, nakosea wapi? Na Mungu, ambaye huwa hajibu swali siku hiyo hiyo, hakuwa na haraka.

Kisha asubuhi moja, yuko katikati ya rozari, wazo likamjia. Ziwani Léandre hula. Wakati wote wa kiangazi, wakiwa kwenye gari-nyumba lao huko porini, akirudi na samaki wa dore, wale wa ubavu wa dhahabu na macho kama kioo, alikuwa akila mpaka anafungua mkanda. Ampeleke ziwani kwake, amkaangie samaki wa ziwa lake mwenyewe. Kama hatakula huyo, basi.

Shida ilikuwa moja. Hakujua ziwa ni lipi.

Huku kwetu mtu hataji ziwa lake. Atakuonyesha kovu la upasuaji, atakusimulia alivyogombana na mkwe wake, lakini ukimuuliza samaki hawa umewatoa wapi atakujibu, majini. Si uchoyo, ndivyo tulivyolelewa, na mtu akibanwa sana anaruhusiwa kudanganya kidogo bila kuhesabiwa mwongo. Léandre aliwapita wote. Alikuwa akiondoka mjini kila mara kwa njia nyingine, na akiona vumbi la gari nyuma yake anageuza. Huguette alikaa pembeni yake na rozari, na kwenye fumbo la tatu usingizi ulikuwa ukimchukua. Akizinduka, injini imezimwa, wako kwenye shimo la changarawe katikati ya misonobari, na Léandre ameshajitwika kile kiboti chake anaingia msituni. Yeye alibaki akimenya viazi na kufuma soksi. Ziwa lenyewe hakuwahi kuliona, kwa ajili ya magoti yake na kwa ajili ya visubi.

"Linaitwaje?" aliwahi kumuuliza, zamani.

"Nikikwambia utalitaja kwenye maombi, na Ovide ana masikio marefu."

Alicheka, hakuuliza tena.

Jumapili ile baada ya misa, watu wakinywa kahawa ukumbini, alimfuata huyo Ovide. Ni mtu mfupi, mstaafu wa kiwanda cha mbao, rafiki wa Léandre tangu ujana. Huguette alimweleza yote, chakula, mrija, ziwa. Ovide akatazama kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuvuka barabara, akamvuta mpaka kwenye kona ya kabati la vikombe.

"Shemeji, hili lisitoke hapa. Aliniapisha."

"Léandre?"

"Kwa kaburi la mama yake. Ni Ziwa Bonnet. Unavuka daraja la reli, unapinda kulia."

"Na samaki wapo?"

Ovide akakohoa. "Wapo. Wanajificha kidogo."

Huguette alitoka nje na moyo mwepesi, na hapo kwenye maegesho akamkuta Rosaire, rafiki wa pili, mrefu na mkondefu, fundi bomba, amemngojea kando ya gari lake.

"Nimekuona unaongea na yule. Ulikuwa unamuuliza ziwa? Shemeji, usimuulize Ovide, mdomo wake ni bomba lililopasuka. Aliyeambiwa ni mimi peke yangu. Ziwa Théodule. Kushoto, kabla hujafika daraja la reli."

"Lakini Ovide anasema..." Huguette akakumbuka kiapo, akameza maneno.

"Anasema nini?"

"Anasema anakusalimu."

"Ovide? Ananisalimu mimi?" Rosaire akashika kofia yake, amechanganyikiwa naye.

Hata kabla Huguette hajafungua mlango wa gari lake, Padri Lionel akaja anakimbia, kanzu ameikunja mkononi. "Huguette, nasikia unatafuta ziwa la Léandre. Mimi aliniambia. Si katika kitubio, kwa hiyo naweza kusema. Ni Ziwa la Birika, kaskazini kabisa, mbele ya kambi ya zamani. Mimi mwenyewe nimekwenda mara nyingi." Akasita. "Mandhari ni nzuri."

Huguette akakaa ndani ya gari bila kuwasha. Kumdanganya Ovide ni jambo la kawaida. Rosaire vilevile. Lakini padri! Alirudi nyumbani, akavuta kiti mbele ya mumewe.

"Léandre. Umemdanganya hata Padri?"

Nusu ya mdomo inayofanya kazi ikapanda, ikapanda tena, na sauti ikatoka kifuani, kama injini ya baridi inayokubali kuwaka. Alikuwa anacheka. Hakuwa amecheka tangu Kwaresima.

"Jumanne," akasema, akipangusa jicho kwa mkono wa kushoto.

Waliondoka Jumanne. Huguette aliona kwamba kama mtu anataja siku moja miezi yote hiyo, huenda ni vizuri kumsikiliza japo mara moja.

Gari-nyumba hakuwahi kuliendesha. Lilikuwa refu, jeupe, na kutoka kiti cha dereva dunia ilionekana kama kutoka dirisha la ghorofani. Alitoka uani akiwa amesahau kukunja ngazi ya mlangoni, akang'oa kichaka cha waridi cha jirani, akasimama, akaomba radhi, akaendelea. Léandre alikuwa kiti cha pembeni amefungwa mkanda, kofia yake ya kuvulia kichwani, anatazama mbele kama askofu.

Kwenye kituo cha mafuta cha mwisho, Pierrette mwenye duka akatoka nje amejishika kiuno.

"Huguette? Unaendesha wewe? Yesu na Maria, ngoja niondoe ndoo zangu. Mzee, habari yako! Umepata dereva, eh?"

"Jumanne."

"Ndiyo, leo Jumanne, akili zako ziko sawasawa. Kuna watu mjini hawajui hata mwezi."

"Pierrette," Huguette akasema, "mume wangu akitoka hapa alikuwa anapinda wapi?"

"Kulia."

"Ashukuriwe Mungu."

"Halafu namuona anarudi, anakwenda kushoto. Siku nyingine anapita tena kwenda kulia. Sisi tulikuwa tunasema maskini, anasahau vitu nyumbani."

Huguette alilipa mafuta akashika kulia, kwa sababu ndilo lililotajwa kwanza.

Lami ikaisha. Njia ya malori ya magogo ikaanza, na njia hizi mnazijua, kila baada ya mwendo kidogo inatoka nyingine, zote nyekundu, zote zinafanana, misonobari pande zote imesimama kimya kama watu waliokubaliana wasikuambie kitu. Kwenye njia panda ya kwanza akasimama.

"Tufanye hivi, mzee wangu. Kama ni kulia, sema Jumanne. Kama ni kushoto, nyamaza."

"Jumanne."

Akapinda kulia. Léandre akapiga goti lake. "Jumanne! Jumanne!"

"Si huku?"

"Jumanne," akasema, mpole sasa.

"Au ni huku huku, umefurahi?"

Léandre akamtazama muda mrefu, kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni yeye. Huguette akarudisha gari nyuma, kazi ambayo hakuijua, na kabati la vyombo likafunguka, sufuria zikamwagika sakafuni kwa kelele ya kanisa linaloanguka. Lori la magogo likaja mbele yao likipiga honi. Dereva akashusha kioo, akawatazama, akapandisha kioo, akasubiri mpaka wamalize. Hatimaye Huguette akaenda kushoto. Kwenye njia panda iliyofuata alimtazama mumewe mkono, labda ungeonyesha. Mkono ulikuwa umelala. Kwenye iliyofuata mkono ulinyanyuka, lakini ulikuwa unakuna sikio. Akasali. "Mama Maria, wewe ulimtafuta mwanao Yerusalemu, unajua hali hii," akasema kwa sauti, na akaenda pale ambapo usukani ulikuwa umeelekea tayari.

Ndipo wakafika kwenye shimo la changarawe.

Lilikuwa na mahali pa tambarare pa kuegesha. Lilikuwa na mawe yaliyoungua moto wa zamani. Huguette alishuka, akazunguka, akitafuta kitu cha kumwambia kwamba ni hapa alipokuwa akikaa na viazi vyake. Lakini mashimo ya changarawe huku ni kama mayai, na yeye miaka yote alikuwa anatazama soksi.

"Ni hapa?"

"Jumanne," akajibu Léandre, kama mtu aliyeulizwa kama mvua itanyesha.

Kati ya miti kulikuwa na kinjia, cha mtu au cha mnyama. Akakifuata, magoti yakilalamika, na ghafla msitu ukaisha. Ziwa. Jeusi, refu, limetulia, na kisiwa kidogo kikiwa na mti mmoja umeinama. Ndege wa ziwani alilia mara moja, akazama. Huguette akasimama na mikono kwenye aproni. Aliona haya, kama ameingia chumbani kwa mtu bila kubisha. Kama ndilo lenyewe, basi huku ndiko mumewe alikokuwa akienda peke yake. Kama silo, ni maji tu.

Aliporudi alikuta vumbi linakuja barabarani. Ndani ya vumbi, gari la Ovide na boti juu yake.

"Shemeji! Nilikuwa napita."

"Unapita kwenda wapi? Njia inaishia hapa."

"Ndiyo, nilikuwa napita mpaka hapa." Ovide tayari ameshika fimbo ya kuvulia. "Nimekuja kukusaidia. Nimeanza kukufuata kwa Pierrette, mwendo wenyewe wa jeneza, nimesinzia mara mbili."

Vumbi la pili likaja kabla la kwanza halijakaa chini. Rosaire akashuka, akamuona Ovide, akataka kupanda tena.

"Wewe unafanya nini huku?" akauliza.

"Wewe unafanya nini huku?"

"Mimi nimekuja kumuona mgonjwa."

"Mgonjwa anaonwa na ndoo ya chambo?"

Huguette alichoka. Alikuwa ameamka na giza, ameng'oa waridi la mtu, na bado hajui yuko wapi. "Basi semeni wote wawili," akasema. "Hili ni Bonnet au ni Théodule?"

Wanaume wakatazamana.

"Bonnet ni nini?" akauliza Rosaire.

"Théodule ni nini?" akauliza Ovide.

Kisha wote wawili wakageuka polepole kumtazama Léandre, aliyekuwa amekaa juu kwenye kiti chake cha mbele, mlango wazi, kofia kichwani.

"Kwa kaburi la mama yako!" Ovide akapiga kelele. "Kila kiangazi navua Bonnet! Unajua Bonnet kuna nini? Ruba! Nimerudi nyumbani na ruba miguuni, mke wangu anawatoa kwa chumvi, na mimi namwambia vumilia, hili ni ziwa la siri!"

"Bora wewe una ruba," akasema Rosaire. "Théodule hakuna hata ruba. Nilidhani ni mimi sijui kuvua. Nilinunua boti jipya!"

"Hujui kuvua, hilo ni kweli, lakini huyu mzee ni shetani."

"Msimwite hivyo, ni mgonjwa," akasema Huguette.

"Mgonjwa? Mtazame!"

Léandre alikuwa anacheka tena, mabega yanatikisika, mate yanamtoka upande mmoja. Huguette akakimbia na kitambaa.

Walimshusha kwenye kiti chake cha magurudumu, na pale ambapo magurudumu yalikataa wakambeba, Ovide mbele, Rosaire nyuma, wakigombana ni nani aliyekigonga kiti kwenye mti. "Mzee, umekuwa mwepesi kama kuku aliyenyimwa mahindi," akasema Ovide. Kisha akasikia mwenyewe alichosema. Hakuna aliyecheka, na walimaliza kinjia kile wakitazama mahali pa kukanyaga.

Ufukweni walimweka na kiti chake juu ya mwamba tambarare. Léandre alitazama ziwa. Huguette akainama kumtazama yeye, maana uso wa mtu husema hata ulimi ukikataa. Jicho la kulia lilikuwa linatoa machozi. Lakini jicho hilo hutoa machozi tangu Kwaresima, hata kwa matangazo ya sabuni kwenye televisheni. La kushoto lilikuwa kavu, linatazama kule kwenye kisiwa, au kwenye ndege, au popote.

"Ndilo," akasema Ovide. "Mwone anavyotazama."

"Silo," akasema Rosaire. "Unasikia malori? Léandre hawezi kuvua mahali malori yanasikika."

"Yeye hasikii kitu akivua."

"Anasikia kila kitu. Ndiyo maana hatukuwahi kumfuata tukafika."

Huguette akawaacha. Alipanda kwenye boti la Ovide, lililokwisha kushushwa majini, akishika kingo kwa mikono yote miwili, akasema samaki wa Léandre atamvua mwenyewe, wamwonyeshe tu jinsi ya kushika. Rosaire akabaki na mgonjwa. Wakaelea kuelekea kisiwani, Ovide akimfungia chambo kwenye ndoano na kunung'unika. Huguette alishusha mshipi, akaanza Salamu Maria, na hajafika mwisho akavutwa.

"Nimenasa chini, Ovide."

"Chini hakutikisiki hivyo. Zungusha! Zungusha, shemeji, si huko, kwako!"

Akatoka dore, mnene, ubavu wa dhahabu, macho yake ya kioo yakimtazama kwa mshangao sawasawa na wa kwake. Akatoka wa pili. Ovide, ambaye hakuwa amepata kitu, akabadilisha chambo, akabadilisha upande wa boti, akavua kofia. Akatoka mwingine kwa Huguette.

"Sasa hili ndilo lenyewe au silo?" aliuliza.

"Sijui tena, shemeji," akasema Ovide kwa unyonge. "Sijui hata kama mimi ni mvuvi."

Sasa, kuna chakula cha ufukweni, ambacho ni mambo ya wanaume na Huguette hakuwahi kukihudhuria. Majira ya kuchipua, barafu ikishaondoka, Léandre na wenzake walikuwa wakienda ziwa kubwa lile la watu wote, na mchana wanakaanga hapo hapo kwenye mawe. Yeye alikuwa akiona tu kikaango kinarudi nyumbani kimeungua. Kwake, samaki aliliwa ndani ya gari-nyumba, kwa sahani na uma, baada ya sala.

Wanaume wakawasha moto. Rosaire akatoa minofu ya samaki kwa kisu chembamba, bila mfupa hata mmoja. Ovide akaweka donge la mafuta ya nguruwe kwenye kikaango kikubwa cheusi, viazi vikaingia na vitunguu, kopo la maharage likachomekwa ndani ya makaa wazi hivyo hivyo. Minofu ikapakwa unga, ikaingia ikilia. Harufu ilikuwa ya kumfanya malaika ashuke.

Huguette akachagua kipande kizuri kuliko vyote. Akakiweka kwenye sahani aliyoileta kutoka kwenye gari, akakipondaponda, akapuliza. Akamfunga Léandre kitambaa cheupe kifuani. Akafanya ishara ya msalaba, akapeleka kijiko.

Mdomo ukafungwa.

"Ni dore, mzee wangu. Nimemvua mimi. Ni wa ziwa lako."

Mdomo umefungwa.

"Kama si ziwa lako unisamehe, nimetafuta nilivyoweza. Onja tu."

"Jumanne!" Léandre akapiga mkono, na kijiko kikaruka, kikagonga mwamba, kikaingia majini. Ilikuwa sauti ambayo hakuwahi kumtolea katika ndoa yao yote.

Ovide na Rosaire wakatazama moto. Huguette akaweka sahani chini. Akaenda ukingoni, akainama kama anayetafuta kijiko, na pale akalia, kimya, kama tunavyolia jikoni. Ee Bwana, akasema moyoni, nimekwenda kulia, nimekwenda kushoto, nimefanya kila nililolijua. Sielewi. Nionyeshe au uniache, lakini sielewi. Maji yalikuwa baridi. Kijiko alikiona, hakukifikia.

Aliporudi hakwenda kwa mumewe. Hakuwa na nguvu. Alikaa kwenye gogo upande wa pili wa moto, na kwa kuwa hakuwa amekula tangu asubuhi, akapokea kipande cha mkate alichopewa na Rosaire. Hakuna aliyempa sahani. Wanaume walikuwa wamechuchumaa kuzunguka kikaango, wanakula humo humo kwa vidole, wanaungua, wanapuliza, mafuta yanawachuruzika hadi kwenye viwiko, na bado wanagombana.

"Hicho changu, nilikiweka upande wangu."

"Kikaango hakina upande."

"Kina upande, upande wenye mpini ni wangu tangu enzi za kambi."

"Basi shika mpini ule huo."

Mkono ukaingia katikati yao. Ulikuwa wa kushoto, unatetemeka, umetoka pale kwenye kiti kilichosogezwa karibu na moto kwa ajili ya joto. Ulipapasa ukingo wa kikaango, ukaungua, ukarudi, ukaingia tena, ukashika kipande kwa vidole vitatu. Nusu yake ikavunjika ikadondokea kwenye majivu. Nusu nyingine ilipanda juu, polepole, ikakosa mdomo, ikagonga shavu, ikaupata.

Léandre akatafuna.

Huguette akasimama. Mkate ulikuwa umemwanguka. Alikuwa ameshashika kitambaa, maana unga na mafuta vilikuwa vimemjaa mumewe kidevuni na kitambaa kile cheupe cha kifuani kimevutwa pembeni, na angeweza kupaliwa, na mnofu ulikuwa mkubwa, haukukatwa.

"Shemeji," Ovide akasema taratibu, bila kunyanyua macho kutoka kwenye kikaango. "Kaa."

"Atapaliwa."

"Kaa tu."

Rosaire alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono. Kisha akautoa, na sauti yake ilipotoka ilikuwa kali kuliko ilivyohitajika. "We mzee! Hicho nilikiweka changu! Kwanza unatudanganya, sasa unatuibia?"

"Jumanne," akasema Léandre, mdomo umejaa, na mkono ukarudi kwenye kikaango.

Huguette akakaa. Hakuelewa. Kijiko kilikuwa kimekataliwa miezi yote, na samaki ni huyu huyu, amekaangwa na moto huu huu, na sahani iko pale chini imepoa, imepangwa vizuri, hakuna aliyeigusa. Alimtazama mumewe akila kama hajawahi kumuona mtu akila. Kuna kitu kilianza kumjia, polepole, kuhusu kitambaa kile na kijiko cha mtoto, lakini kilimjia na uchungu, hakukifuata mpaka mwisho. Na ziwa je, ni lenyewe? Alitaka kuuliza, akaona haifai.

Kipande kingine kikamponyoka Léandre, kikaangukia mapajani, kwenye mikunjo ya blanketi. Alikitafuta kwa vidole. Alitafuta kushoto ambako hakikuwepo, akapapasa, akarudi. Huguette alikiona kilipo, chini kidogo ya goti. Wenzake walikuwa wanatazama moto. Akaweka mikono yake miwili chini ya mapaja yake mwenyewe, juu ya gogo, akaikalia kwa uzito wake wote. Vidole vikaendelea kutafuta. Vikapita juu yake, vikakipita, vikasimama, vikarudi, vikakipata. Kilikuwa na manyoya ya blanketi. Léandre akakitazama mbele ya macho yake, akapuliza, akala.